Mdogo wangu anasema madaktari wa akili ni polisi waliovaa koti jeupe, je anakosea?

SWALI: "Daktari shikamoo. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Tangu kama miezi miwili iliyopita halali, anazunguka ndani usiku kucha, anaongea peke yake, anasema majirani wanamsikiliza kupitia simu mpaka akatoa laini akaivunja. Kazini wamemsimamisha. Tukampeleka hospitali, daktari wa akili akaongea naye kama dakika 15 hivi, zaidi aliongea na mimi na baba, akaandika saikosisi, yaani akili imeachana na uhalisia, akatoa dawa. Mdogo wangu kagoma kumeza. Anasema madaktari wa akili ni polisi waliovaa koti jeupe, hawana kipimo hata kimoja, magonjwa yao yanapigiwa kura, na kazi yao ni kunyamazisha watu ambao jamii imewachoka. Nilitaka kumbishia ila nilivyoingia mtandaoni nikakuta mengi anayosema yametokea kweli. Sasa sijui nimwamini nani. Na naogopa hilo jina wakishaliandika kwenye faili atabaki nalo maisha yake yote, kazi hapati, mke hapati. Nifanyeje?"

JIBU: Marahaba dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kitu kilichonishika sio yale ya simu na majirani, hayo nayasikia karibu kila wiki. Kilichonishika ni hapo ulipoandika kwamba daktari "zaidi aliongea na mimi na baba". Hako kasentensi kadogo ndo kamebeba swali lako lote, nitakarudia.

Kwanza nione kama nimekuelewa. Huniulizi kama mdogo wako anaumwa, hilo moyoni jibu unalo. Unauliza hivi, hawa watu waliopewa mamlaka ya kusema huyu mzima huyu mgonjwa wanamfanyia kazi nani, mgonjwa au waliomzunguka? Na kama walishawahi kufanya mambo ya ajabu huko nyuma, unampelekaje ndugu yako kwao bila wasiwasi? Mimi nipo kwenye kazi hii mwaka wa 18 sasa na nawajua wenzangu wengi tu ambao ukiwauliza hivyo wananuna, wanaona umewatukana. Mimi nadhani ni swali ambalo kila mtu anayeingia kwetu angetakiwa kuuliza, na tukishindwa kulijibu shida ni yetu.

Kuhusu historia, mdogo wako hajatunga. Mwaka 1851 daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka kwa bwana wake anaumwa, akaupa huo ugonjwa na jina la kisomi kabisa, drapetomania, na kwenye tiba akaweka viboko. Sasa simama hapo kidogo ujiulize, nani alikuwa analalamika? Mtumwa malalamiko yake yalikuwa utumwa. Aliyekuwa anasumbuliwa na "kutoroka" ni mwenye shamba. Miaka mia moja baadaye kuna daktari aliyeendesha hospitali ya akili ya Mathari kule Nairobi enzi za mkoloni, J.C. Carothers, mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafikiri kama Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, alafu 1954 akaiandikia serikali ya kikoloni ripoti ya kueleza saikolojia ya Mau Mau. Watu wanadai ardhi yao, wao wanageuzwa kuwa kesi ya akili. Urusi ya Kisovieti nayo ilikuwa na kitu walikiita skizofrenia ya polepole, mtu hasikii sauti, haoni vitu, anafanya kazi zake vizuri, ila ana mawazo ya kutaka kubadilisha nchi, basi analazwa. Jenerali Petro Grigorenko alifungiwa hospitali kwa staili hiyo, na alipopimwa upya Marekani mwaka 1979 hawakumkuta na ugonjwa wowote wa akili. Mwaka 1983 madaktari wa akili wa Kisovieti walijitoa wenyewe kwenye chama cha dunia walipoona wanakaribia kufukuzwa.

Ya Ujerumani ya Hitler hata kuyaandika ni kazi. Kati ya 1940 na 1941 watu zaidi ya 70,000 wenye magonjwa ya akili na ulemavu waliuawa kwa gesi, na waliochagua nani afe ni madaktari, wengi wao wa akili, maprofesa wenye majina. Mgonjwa hawakumwona. Waliletewa fomu, wakichora alama ya kujumlisha kwa penseli nyekundu huyo anakufa, wakichora ya kutoa kwa bluu huyo anabaki. Penseli tu.

Na usidhani ni serikali mbaya peke yake. Rosemary Kennedy, dada yake yule John Kennedy aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa binti mwenye uelewa wa polepole kidogo, alivyokua akaanza kuwa na hasira na kutoka usiku, baba yake akaogopa atawaharibia jina. Mwaka 1941, binti ana miaka 23, baba akapanga akafanyiwa lobotomia, yaani wanatoboa fuvu wanakata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na nyingine. Alitoka pale hawezi kutembea wala kuongea vizuri, akaishi kwenye taasisi mpaka alipofariki 2005. Aliyebuni huo upasuaji, Egas Moniz wa Ureno, alipewa Tuzo ya Nobel 1949. Hakuna aliyekuwa anajificha, ilikuwa inasifiwa.

Ukiziweka hizo zote mezani utaona kitu kimoja ambacho mdogo wako amekikaribia ila hajakifikia. Yeye anasema madaktari wa akili wananyamazisha watu. Mimi nasema mara nyingi ombi la kunyamazisha linatoka nje, linatoka kwa bwana wa shamba, kwa chama tawala, kwa baba mwenye heshima zake, na daktari anachofanya ni kulipigia muhuri lionekane la kisayansi. Haitupunguzii dhambi hiyo, muhuri ni wetu. Ila ina maana kwamba kinga haiwezi kuwa tu "usiende kwa daktari wa akili", kwa sababu yule aliyekuwa anataka unyamaze bado yupo pale pale nyumbani, na hana hata kitabu cha maadili ya kazi.

Kuhusu magonjwa kupigiwa kura. Hapo anazungumzia Marekani. Mpaka 1973 kitabu cha uainishaji cha chama cha madaktari wa akili cha kule, kinaitwa DSM, kiliorodhesha ushoga kama ugonjwa. Wanaharakati walivamia mikutano ya madaktari miaka kadhaa, na 1972 kuna daktari mmoja, John Fryer, alipanda jukwaani mbele ya wenzake amevaa kinyago cha mpira na wigi, kipaza sauti kinabadilisha sauti yake isijulikane, akawaambia mimi ni shoga na mimi ni daktari wa akili kama nyie. Hebu fikiria, daktari anajificha asitambuliwe na madaktari. Desemba 1973 bodi ikautoa, waliopinga wakalazimisha kura ya wanachama wote, na 1974 kura zikahesabiwa, 5,854 wakaunga mkono uamuzi wa bodi, 3,810 wakaukataa. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuutoa kwenye orodha yake 1990. Kwa hiyo ndiyo, kura ilipigwa, siwezi kukudanganya. Watu wanaikumbuka hiyo kura kama ushahidi kwamba madaktari wanajitungia, ila mi naiangalia pia kwa upande mwingine, kilichofutwa ni ugonjwa ambao ulikuwa kwenye orodha kwa sababu jamii ilikuwa haiwapendi watu fulani, na ulifutwa kwa sababu wenyewe waliobandikwa walisimama wakasema sisi hatuumwi, nyie ndo mnatuumiza.

Hili la kipimo nitalielezea kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi sana wanakosea hapa.

Ni kweli hakuna kipimo cha damu cha skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini vitu visivyokuwepo, wala cha baipola, ule wa hisia kupanda juu sana na kushuka chini sana. Ila ujue ni kwa nini. Zamani wodi za akili zilijaa watu wenye ukichaa wa aina fulani, mtu anajiona mfalme, anaongea mambo makubwa makubwa, baadaye anapooza na kufa. Mwaka 1913 wadudu wa kaswende walikutwa ndani ya ubongo wa wagonjwa wa namna hiyo, na penisilini ilivyokuja ugonjwa huo karibu ukapotea kwenye wodi zetu. Umeona kilichotokea? Kipimo kilipopatikana, ugonjwa ukahama, ukaenda kwa madaktari wengine. Pelagra vilevile, ule upungufu wa vitamini uliokuwa unachanganya watu akili, siku hizi ni suala la lishe. Mwaka 2007 wakatambua ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo, wengi wao wasichana na wanawake vijana, wanaanza ghafla kuona vitu na kuongea ovyo, wengine walikuwa wanawekwa wodi ya akili, kumbe unapimwa na unatibika. Kwa hiyo sisi kwa kawaida tunabaki na yale ambayo bado hayajapata kipimo, kikipatikana tunanyang'anywa. Kusema "hamna kipimo kwa hiyo hamna ugonjwa" ni sawa na kumwambia mtu wa 1900 kwamba kaswende ya ubongo haipo. Maumivu ya kichwa cha kipandauso hayana kipimo cha damu pia na hakuna anayemwambia mwenye nayo anajifanya.

Lakini hapohapo kuna udhaifu wetu. Kitu kisicho na kipimo kinategemea macho na masikio ya mtu, na mtu ana chuki zake, ana haraka zake, ana foleni nje ya mlango. Ndo maana dakika 15 zinaniuma.

Nikupe kisa kimoja, nimebadilisha vitu vidogo mtu asijulikane. Miaka ya nyuma aliletwa mama mmoja na mume wake. Mume ndo aliongea, akaniambia mke wangu amechanganyikiwa, anajibu ovyo, anapiga kelele, hatulali, tunaomba sindano ya kumtuliza. Mama amekaa kimya, pochi ameipakata mapajani ameishika kwa mikono miwili. Nikamwomba mume atoke nje, hakupenda ila akatoka. Mama akafungua pochi akatoa karatasi imekunjwa mara nne, mkataba wa mauzo ya kiwanja walichonunua wote wawili, sahihi yake imeigizwa. Kelele ilianza siku aliyoiona ile karatasi. Nikampima kawaida kama ninavyompima mtu yeyote, usingizi, chakula, mawazo, kumbukumbu, sauti, sikukuta ugonjwa, nimekuta mtu mwenye hasira na sababu. Mume nilivyomwambia sina sindano ya kumpa alinitazama kama fundi aliyeshindwa kazi. Sina uhakika hakuipata kwa mwingine.

Siku hiyo ndo nilianza tabia ya kuandika juu kabisa ya faili, kabla ya jina la ugonjwa, nani amelalamika na analalamika nini. Ni kamstari kamoja tu. Kanakuonyesha haraka sana kama uko kwenye tiba au umeajiriwa na familia ya mtu bila kujua.

Sasa turudi kwa mdogo wako na tumwandikie huo mstari. Baba analalamika, wewe unalalamika, bosi wake amelalamika. Hayo ni malalamiko ya watu wengine, na kama yangekuwa hayo peke yake ningekwambia mwache kijana. Ila na yeye analalamika dada yangu, hamjamsikiliza tu kwa sababu anayasema kwa lugha ya majirani na simu. Mtu anayevunja laini yake mwenyewe usiku ni mtu anayeogopa kweli. Miezi miwili hajalala. Kazi yake imeondoka. Yule mtumwa wa Cartwright ungemwondolea bwana wake angekuwa mzima siku hiyohiyo. Mdogo wako ukiwahamisha majirani wote hofu itabaki, itatafuta sehemu nyingine ya kukaa. Hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti kubwa sana. Mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu historia ya udaktari wa akili na bado akawa anaumwa. Vyote viwili vinakaa kichwa kimoja bila shida.

Mimi siwezi kumpima kupitia barua. Kuna wakati Marekani, 1964, jarida moja liliwauliza madaktari wa akili kama mgombea urais Barry Goldwater yuko sawa kiakili, zaidi ya elfu moja wakasema hafai na hawajawahi kukaa naye hata dakika, likawa fedheha kubwa, na 1973 chama chao kikaweka kanuni ya kukataza hiyo tabia. Naiheshimu hiyo kanuni. Kwa hiyo sikuambii ni saikosisi au sio, nakuambia ulichoeleza kinatosha kabisa mtu kutafutiwa msaada, na kwamba kila wiki inayopita bila tiba, kama kweli ni saikosisi, inafanya kupona kuwe kugumu zaidi. Hilo limechunguzwa sana.

Kama ndiyo yenyewe, ndani ya kichwa kinachotokea ni kama hivi. Ubongo una kemikali inaitwa dopamini, moja ya kazi zake ni kuweka alama kwenye vitu, hiki muhimu, kile achana nacho. Wewe hapo ulipo kuna sauti kumi nje na huzisikii kwa sababu hazijawekewa alama. Dopamini ikizidi sehemu fulani za ubongo, kila kitu kinawekewa alama. Mlango wa jirani ukifungwa una maana. Simu ikiwaka ina maana. Mtu akikohoa amemkoholea yeye. Sasa akili ya binadamu haiwezi kukaa na maana elfu moja bila hadithi ya kuziunganisha, inatunga, "wananisikiliza". Hadithi inakuja mwisho, kinachoanza ni zile alama. Ndo maana kubishana naye kuhusu majirani hakusaidii, unabomoa paa wakati moto uko chini. Bangi nzito, vidonge vya kusisimua, kutolala siku nyingi, vyote vinaweza kuleta hali kama hiyo, na wengine ni mwanzo wa baipola, kwa hiyo swali la kama anatumia kitu chochote lazima liulizwe, taratibu, bila kumhukumu.

Dawa nyingi za saikosisi zinaziba milango ambayo dopamini inapitia. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris 1952, kabla ya hapo tulikuwa na kufunga, maji baridi, na zile lobotomia. Zinasaidia wengi, hasa hofu na usingizi siku za mwanzo, zile imani zinachukua wiki kadhaa kulegea. Wagonjwa wangu huniambia "bado nahisi wananisikiliza ila siku hizi hainihusu". Hiyo ni hatua kubwa.

Ila zina madhara na daktari ambaye hakuwaambia amekosea. Kuna za zamani zinakaza misuli, kuna mpya zinaongeza uzito na sukari, nyingine zinapunguza hamu ya tendo la ndoa na vijana wanaona aibu kusema wanaacha tu kimyakimya. Na kuna ile ya kutotulia, mtu hawezi kukaa wala kusimama, familia inadhani ugonjwa umezidi kumbe ni dawa. Mimi mwenyewe mwanzoni mwa kazi nilimpa kijana mmoja haloperidoli, moja ya zile za zamani, nikamwambia njoo baada ya wiki mbili, basi. Karudi siku ya tatu, shingo imepinda, macho yametazama juu hayashuki, ulimi umekaza, mama yake analia anajua mwanaye anakufa. Ni kitu kinachoondoka kwa sindano moja ndani ya nusu saa hivi, na kikaondoka. Lakini yule kijana hakunirudia tena, na namwelewa. Ningetumia dakika mbili kumwambia hii inaweza kutokea, ikitokea njoo upesi, labda angebaki.

Kwa hiyo mkirudi hospitali, na nashauri mrudi, kwa yuleyule au kwa mwingine, maoni ya daktari wa pili sio utovu wa adabu, ombeni mambo kadhaa. Aongee na mdogo wako peke yake kwanza, muda wa kutosha, nyie mkae nje. Mwulizeni ni magonjwa gani ya mwili ameyaondoa, maana tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi, maambukizi, VVU, kifafa, uvimbe kichwani, vyote vinaweza kuvaa sura hii, na vingi vya hivyo vina vipimo, hapo mdogo wako akidai kipimo yuko sawa mia kwa mia. Waulizeni dawa ni ya muda gani, inaanza na dozi ndogo kiasi gani, ikimkataa mnafanya nini, na kama kuna mtu wa ushauri nasaha anayejua saikosisi, kwa sababu mazungumzo pia ni tiba ingawa kwa hali kama yake sasa hivi peke yake huenda yasitoshe. Daktari akikasirika kwa maswali hayo basi mmeshajua, tafuteni mwingine.

Nyumbani anza na analolalamikia yeye. Usimwambie "majirani hawakusikilizi", na usimwambie "ni kweli wanakusikiliza". Mwambie "naona hujalala, na naona unaogopa, hata mimi ningechoka". Watu wengi wanaokataa "dawa ya kichaa" wanakubali kusaidiwa usingizi, na sio ujanja huo, usingizi ni tiba kweli. Na tafadhali sana, msimchanganyie dawa kwenye chakula au chai. Najua mtashauriwa, kuna watu wema kabisa watawaambia fanyeni hivyo. Huyu ni mtu anayeamini kuna watu wanamfanyia kitu kwa siri, siku akigundua dada yake ndo alikuwa anamfanyia kitu kwa siri mtakuwa mmemthibitishia kila kitu. Kumfunga kamba pia hapana.

Sasa hili la kulazwa kwa lazima, maana hapo ndipo upolisi ulipo kweli na sitakificha. Sheria za nchi nyingi zinaturuhusu kumzuia mtu ambaye hajafanya kosa lolote, ni mamlaka mazito mno kwa mtu mwenye kalamu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 umelibana sana jambo hili na mjadala unaendelea, kuna wanaosema lifutwe kabisa. Mimi sijafika huko. Marekani mwaka 1955 walikuwa na wagonjwa zaidi ya 500,000 kwenye hospitali za akili za majimbo, wakaanza kuzifunga, wazo zuri, zilikuwa sehemu za mateso, ila huduma za mtaani walizoahidi hazikuja za kutosha na wengi wakaishia barabarani na magerezani. Italia ilipitisha sheria 1978 ya kufunga hospitali kubwa za akili, kazi ya Franco Basaglia, na kule Trieste ambako walijenga vituo vya mtaani vinavyofunguliwa saa 24 mambo yalienda vizuri. Kumtoa daktari peke yake hakumtoi polisi, saa ingine kunamwacha polisi peke yake. Kwa hiyo kulazwa kwa lazima nakuchukulia kama ile ngazi ya dharura ya kutokea jengo likiwaka moto, ipo, inatumika kwa muda mfupi, kwa maandishi, mtu akiwa na haki ya kukata rufaa, na ukiitumia ujue kuna kitu mapema kilishindikana.

Lini usisubiri? Akisema anataka kufa au anaona bora asiwepo. Akisema sauti zinamwagiza ajidhuru au adhuru mtu. Akiacha kula na kunywa. Akianza kujiandaa dhidi ya hao majirani, kaficha kisu, kawavizia mlangoni. Akiwa na homa na kichwa kuuma na shingo kukaza, au hajui yuko wapi na leo siku gani, hapo inaweza isiwe akili kabisa. Na kama ameanza dawa, akapata homa na mwili mzima ukakakamaa, kimbieni na mwambieni mnayemkuta anatumia dawa gani. Hizo zote ni za siku hiyohiyo, usiku ule ule. Zaidi ya hapo ondoa ile picha ya kwamba mgonjwa wa akili ni mtu wa hatari, wengi wao hawajawahi kumgusa mtu, wanaoguswa ni wao.

Umeniuliza la jina. Saikosisi ni neno la hali, kama vile homa, bado halijasema chanzo. Kuitwa skizofrenia kwa kitabu cha Marekani dalili lazima zimekaa miezi 6, cha Shirika la Afya Duniani mwezi mmoja au zaidi, na hata hapo jina hubadilika, nimeshafuta majina niliyoyaandika mwenyewe. Kuna watu wanapata tukio moja maishani halirudi. Kinachomkosesha mtu kazi na mke mara nyingi ni watu kujua zaidi ya faili, na faili ni siri, daktari hana ruhusa ya kumpa bosi. Nyie nyumbani ndo mwanze kufunga midomo, shangazi hana haja ya kujua jina la dawa.

Usiku huu akiwa anazunguka, kaa naye. Mwambie umeuliza kwa mtu wa kazi hiyo na amekujibu kwamba kuhusu kura ya 1974 yuko sahihi, na kuhusu Warusi yuko sahihi. Atashangaa, hajazoea kuambiwa yuko sahihi siku hizi. Alafu mwulize mara ya mwisho amelala saa nne mfululizo ilikuwa lini. Jibu lake liandike na tarehe, mkienda hospitali mwende nalo pamoja na ile karatasi ya dawa ya mwanzo, usiitupe.